UZI: Difu za magari ya kifahari ya kale, na mlima wa Austria uliowafundisha Waingereza kazi

MzeeWaPinio (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Tukizungumzia magari ya kifahari ya zamani huwa tunaishia kwenye injini. Silinda ngapi, ujazo kiasi gani, nguvu za farasi ngapi. Leo nawaomba tuingie uvunguni tuitazame difu, yaani seti ya gia za ekseli ya nyuma, kwa sababu magari hayo yalipopelekwa kuuzwa ng'ambo injini mara nyingi ilikuwa ileile moja. Mnunuzi wa Madrid, Vienna au Bombay alifurahi au alijuta kutokana na idadi ya meno yaliyochongwa kwenye pinio na krauni.

Kwa ambao hawajawahi kufungua difu: pinio ni gia ndogo iliyo mwishoni mwa propela (ule mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye giaboksi), na krauni ni gia kubwa inayozungusha ekseli za nyuma. Pinio ikiwa na meno 11 na krauni 41, gawa 41 kwa 11 upate 3.73. Maana yake propela izunguke mara 3.73 ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba kubwa humpa dereva nguvu ya kupanda, lakini tambarare injini inazunguka mno. Namba ndogo hulipa gari mwendo mrefu wa kimyakimya, ila mlima ukitokea linakosa pumzi. Aliyewahi kuendesha baiskeli ya gia anaijua hesabu hii kwa mapaja yake.

Sasa tuchukue Rolls-Royce 40/50, ile ambayo dunia nzima inaiita Silver Ghost. Ilioneshwa London, ukumbi wa Olympia, mwishoni mwa 1906, ikiwa na silinda sita na ujazo wa 7,036 cc. Giaboksi yake ya kwanza ilikuwa na gia nne. Gia ya tatu ndiyo iliyopitisha nguvu moja kwa moja hadi kwenye propela, na ya nne ilikuwa ya kukimbilia barabara ikinyooka. Tatizo ni kwamba hiyo ya nne ilipitisha nguvu kwenye meno, na meno ya wakati ule yaliunguruma. Mtu aliyetoa fedha zile alikuwa amenunua ukimya. Mwaka 1909 kiwanda kikaiondoa, gari likabaki na gia tatu.

Uamuzi huo uliifaa Uingereza. Milima yake mingi si mirefu, na giaboksi hazikuwa na sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), kwa hiyo kubadilisha gia bila kukwaruza kulihitaji dereva fundi. Ubora wa gari ukapimwa kwa swali moja: linaweza kukaa gia ya mwisho tangu asubuhi hadi jioni? Mwaka 1911 Ernest Hives, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza kampuni hiyo, aliendesha 40/50 kutoka London hadi Edinburgh na kurudi kwa gia ya mwisho peke yake. Mafuta yalitumika galoni moja kwa maili 24.32, sawa na kilomita 8.6 kwa lita, na injini ilikuwa imeshaongezwa hadi 7,428 cc. Kisha gari hilohilo likapelekwa Brooklands, uwanja wa mbio za magari, likakimbia maili 78.26 kwa saa, yaani kilomita 126. Kwa Mwingereza hapo mjadala ulikuwa umefungwa.

Mwaka uliofuata James Radley, mwanamichezo na rubani, akaingiza Rolls-Royce yake binafsi katika mashindano ya milima ya Alps kule Austria. Ilipofika kwenye mlima wa Katschberg, gari lililosifiwa kuwa bora kuliko yote duniani likasimama. Gia tatu, na ya kwanza haikuwa fupi kiasi cha kuliondoa gari kwenye mwinuko ule likiwa na watu wake. Abiria wakashuka ndipo likapanda.

Hebu fikirini fedheha yake. Austria na Hungaria lilikuwa soko la wakuu na makabaila wenye fedha, na barabara zao ndizo hizo za milimani. Kwao rekodi ya Edinburgh haikuwa na faida yoyote.

Mwaka 1913 kiwanda kikarudi na timu: Hives, Friese na Sinclair, pamoja na Radley mwenyewe kwa gari lake. Safari hii giaboksi zilikuwa na gia nne, ya mwisho ikipitisha nguvu moja kwa moja na ya kwanza ikiwa fupi ya kupandia ukuta, na mgandamizo wa injini ulikuwa umeongezwa. Wakatawala mashindano. Mwaka huohuo Carlos de Salamanca, wakala wao wa Madrid, akashinda mashindano ya Hispania kwenye milima ya Guadarrama. Gia nne zikawa za kawaida kwenye 40/50 zilizotengenezwa Uingereza tangu hapo.

Ninachotaka tukubaliane ni hiki: mnunuzi wa ng'ambo ndiye aliyelikamilisha gari hili. Barabara ya nyumbani ililidanganya kiwanda, ya ugenini ikakieleza ukweli. Karibuni.

---

Kijana_wa_Spana

Shikamoo mzee. Uzi mzito huu, nimekaa mkao wa kujifunza. Swali langu: kwa nini kuhangaika na giaboksi mpya? Si wangefunga tu difu yenye namba kubwa kwa magari ya Austria, mambo yakaisha?

---

MzeeWaPinio

Marahaba kijana. Hilo ndilo swali la kuuliza, na jibu lake ni la hesabu.

Chukua gari la kilo 2,500, bodi na abiria ndani yake. Hapo ni limuzini ya kawaida kabisa ya wakati ule. Chasisi iliuzwa tupu, bodi ikajengwa na mafundi kama Barker au Hooper kadiri mteja alivyotaka, na kiwanda hakikuwa na mamlaka juu ya uzito wake. Barabara inapanda mita moja kila mita 15. Uzito pekee unavuta nyuma kwa takriban nyutoni 1,630. Ongeza nyutoni 400 hivi za tairi kusuguana na barabara ya vumbi. Tairi la milimita 895, likibonyea kidogo, lina nusu kipenyo cha sentimita 43. Kwenye ekseli unahitaji kama nyutonimita 875.

Injini ya kwanza ya 40/50 ilitajwa kutoa nguvu za farasi 48 kwa mizunguko 1,250 kwa dakika. Ukigeuza hiyo kuwa nguvu ya kuzungusha unapata nyutonimita 273, na baada ya kupotea kiasi kwenye gia na beringi tuseme inafika 246.

Funga difu ya meno 52 kwa 16, yaani 3.25. Gawa 875 kwa 3.25: unahitaji 269. Huna. Utashusha gia, na abiria wako wataisikia.
Funga ya 52 kwa 14, yaani 3.71. Unahitaji 236. Unayo, na unapanda kwa gia ya mwisho huku mazungumzo ya nyuma yakiendelea.

Tofauti ni meno mawili tu ya pinio.

Lakini Katschberg ilihesabiwa kuwa karibu mita moja kwa kila nne. Hapo uzito peke yake unavuta kwa nyutoni 6,000 kasoro kidogo. Hakuna difu itakayokupandisha kwa gia ya mwisho. Ungehitaji namba zaidi ya 10, na gari la namna hiyo likifika tambarare litakimbizana na punda. Ndiyo maana kazi ilibidi igawanywe: difu ichaguliwe kwa barabara ya kila siku, gia ya kwanza ichongwe kwa ajili ya mlima mbaya kuliko yote ambao mteja atakutana nao. Anayechanganya kazi hizo mbili anaharibu gari.

---

BintiWaLimuru

Mzee, hesabu zako nimezipenda, ila umezifanyia usawa wa bahari. Mimi niko Kenya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni kama asilimia 85 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inavuta hewa kidogo, inachoma mafuta kidogo, inatoa nguvu kidogo. Zile 246 zako zinabaki 209.

Sasa gawa 875 kwa 209. Unapata karibu 4.2. Kwa hiyo mlowezi aliyelishusha gari Kilindini likiwa na difu ya 3.71 alikuwa na gari zuri Mombasa, na akifika bara kilima kilekile kinamshinda, hata kabla hajaanza kuhesabu matope ya masika. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyofanya magari ya Marekani yapendwe sana kwenye makoloni ya nyanda za juu. Wamarekani walizoea barabara mbovu tangu kwao, na difu zao zilikuwa na namba kubwa.

---

MzeeWaPinio

Dada, asante sana. Hili la hewa lilistahili kuwa kwenye bandiko langu la kwanza, na umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza.

Kuhusu Wamarekani uko sahihi. Cadillac ya V8 iliyotoka kama modeli ya 1915 ilikuwa na difu ya 4.44. Packard za miaka ya 1920 mwishoni na 1930 zilikuja na namba kama 4.07, 4.38, 4.69 na hata 5.07, mnunuzi akichagua kulingana na bodi na mahali anapoishi. Huko gia tatu zilitosha, kwa sababu difu yenyewe ilikuwa imeshabeba sehemu ya kazi ya mlima. Hata Rolls-Royce walipofungua kiwanda Springfield, Massachusetts, mwaka 1921, baada ya muda walihamisha usukani kushoto na kurudi kwenye gia tatu ili wamridhishe Mmarekani.

Na kuhusu Afrika Mashariki, chasisi ya 40/50 ilifika huku, tena ikiwa imevaa chuma. Magari ya deraya ya Rolls-Royce yalitumika katika vita vya Waingereza na Wajerumani vya 1914-1918 upande huu. Tani nne hivi, juu ya ekseli iliyobuniwa kumbeba bwana na bibi kwenda dansini. Kwamba yalitembea kabisa kwenye njia zile ni sifa kubwa kwa waliochonga gia zake.

---

Gereji_ya_Upanga

Wakuu, mmeisahau Cadillac ya 1914. Hiyo ndiyo iliyojaribu kumaliza ugomvi wote huu kwa ekseli moja yenye difu mbili ndani yake: 3.66 na 2.5. Dereva anabonyeza swichi ya umeme, anakanyaga klachi, ekseli inahama. Mjini na mlimani anatumia 3.66, barabara ikinyooka anahamia 2.5. Kwa mizunguko ileile ya injini gari linaongeza mwendo kwa asilimia 46.

Kwa maoni yangu lilikuwa wazo bora kuliko gia nne za Waingereza. Kwa nini lilikufa?

---

MzeeWaPinio

Mkuu, umegusa jambo ninalolipenda.

Lilikufa kwa sababu mbili ninazoweza kuzisimamia. Ya kwanza ni mahakama: Walter Austin wa Grand Rapids, Michigan, aliyekuwa akitengeneza magari yake mwenyewe, alikuwa na hataza ya ekseli ya namna hiyo na akawashtaki. Ya pili ni kwamba mwaka uliofuata Cadillac walileta V8, injini inayovuta kuanzia chini kabisa, na haja ya difu mbili ikapungua.

Kuwa bora kuliko gia nne, hapo sikubaliani nawe. Uzito wote ule umeuweka kwenye ekseli, chini ya springi. Kila shimo linaurusha juu, tairi linaachana na barabara, na abiria wa nyuma analipia kwa mgongo wake. Kwenye barabara ya lami ya Detroit sawa. Kwenye njia ya mawe ya Hispania au India, uzito ukae kwenye giaboksi, juu ya springi.

---

Mwanahistoria_Pemba

Mzee wangu, umeitaja Bombay mwanzoni kisha ukaiacha. Tueleze ya India. Kule si ndiko walikouza sana?

---

MzeeWaPinio

India ilikuwa soko la pekee, na ugumu wake haukuwa milima tu.

Mwaka 1908 Rolls-Royce walipeleka gari lililopewa jina Pearl of the East likashiriki mashindano ya Bombay hadi Kolhapur, maili 620 zenye kupanda na kushuka miteremko ya Ghats. Lilifanya vizuri, Maharaja wa Gwalior akalinunua, na oda zikafuata. Kiwanda kikawa na aina iliyoitwa Colonial katika orodha zake, iliyoinuliwa zaidi kutoka ardhini kwa ajili ya barabara za makoloni.

Lakini fikiria kazi za maharaja. Leo gari linatakiwa kwenda kuwinda, linapita mtoni na msituni. Kesho liko kwenye maandamano ya sherehe, linatembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mbele yake askari na tembo, juani, na haliruhusiwi kushtuka wala kuzima. Ukilifunga difu yenye namba ndogo, dereva atashinda amekanyaga klachi nusu hadi iungue. Kwa kazi hiyo namba kubwa ni heshima ya mwenye gari mbele ya watu wake. Na maharaja huyohuyo akikaa London au Paris kwa miezi ya kiangazi, gari lake la huko linahitaji kinyume chake. Mteja mmoja, kampuni moja, difu mbili tofauti.

Hapo ndipo naliheshimu karatasi la oda la miaka ile. Liliandika gari linakwenda wapi na litavaa bodi gani. Kiwanda kilichouliza maswali hayo kabla ya kuchagua pinio kilikuwa kinamjali mteja.

---

Kijana_wa_Spana

Na kelele je? Mzee umesema gia za wakati ule ziliunguruma. Difu nayo?

---

MzeeWaPinio

Nayo sana, na hasa hiyo. Giaboksi unaweza kuiweka kwenye gia ya moja kwa moja ikanyamaza. Difu haina mapumziko, gari likitembea nayo inasaga.

Meno ya awali yalinyooka, kila jino likampiga mwenzake kwa mkupuo. Daimler wa Coventry na Lanchester wakakwepa kwa kutumia gia ya skrubu, ambayo huteleza badala ya kugonga, kimya kabisa, ila inataka mafuta mazuri na hutoa joto. Packard mwaka 1913 wakaleta meno yaliyopinda, yaliyochongwa kwa mashine za Gleason wa Rochester, jino moja likipokea kazi kabla la kwanza halijaachia. Kisha mwaka 1926 Packard tena wakashusha pinio chini ya kitovu cha krauni, mtindo wa haipoidi. Propela ikashuka, sakafu ikashuka, gari lote likawa la chini na zuri kutazama.

Angalia pia namba za meno. 41 kwa 11, au 41 kwa 12: hazina kigawanyo cha pamoja, kwa hiyo kila jino la pinio hukutana na kila jino la krauni kwa zamu, na uchakavu unasambaa sawasawa. Linganisha na 52 kwa 16: zinagawanyika zote kwa 4, meno yaleyale yanarudiana kila mara, na jino lenye kasoro litawachimba wenzake walewale maisha yake yote.

Hizo 41 kwa 11 na 41 kwa 12 nimezitaja kwa makusudi, ni za Rolls-Royce Phantom II ya 1929. Ya kawaida ilikuwa 3.73. Mwaka uliofuata ikaja Phantom II Continental kwa ajili ya watu wa kusafiri mbali Ufaransa, kwenye barabara kuu zilizonyooka katikati ya miti, na difu yake ikawa 3.42, chasisi ikiwa fupi. Jino moja la pinio limeongezwa, mwendo umepanda asilimia 9 kwa mizunguko ileile. Royce mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa akikaa majira ya baridi Le Canadel, kusini mwa Ufaransa, na magari ya majaribio yalikuwa na kituo Châteauroux, yakikimbizwa maili 10,000 kwenye barabara hizo. Kufikia hapo hawakusubiri tena mteja aaibike mlimani. Walikwenda wenyewe kupima kwenye barabara zake.

---

FundiMuscat

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nafanya kazi kwenye gereji inayofufua magari ya kale. Tumeletewa gari la Kiingereza la kabla ya vita vya pili, mwenyewe analalamika kwamba kwenye barabara kuu ya kwenda Nizwa injini inalia mno akifika kilomita 80. Anataka tumbadilishie krauni na pinio, aweke yenye namba ndogo. Sijui aliyelinunua mwanzo alikuwa nani. Kaka zangu, mnashauri nini? Na nitajuaje difu iliyomo sasa ni ipi bila kuifungua?

---

Gereji_ya_Upanga

Mbadilishie tu mkuu. Gari ni lake, na barabara ya Oman ya leo ni lami safi. Haendi kuwinda simba.

---

MzeeWaPinio

Waalaykum salaam, FundiMuscat.

Namuunga mkono mkuu wa Upanga, kwa masharti. Injini hizo za kale zina pistoni nzito zinazopanda na kushuka masafa marefu, na kuzizungusha kupita kiasi saa nzima kunaziua. Mwenye gari analalamika kwa haki. Lakini Oman ina milima, na ile barabara ya kupanda Jebel Akhdar usiisahau. Muulize kwanza anakwenda wapi na anapakia watu wangapi, kama walivyouliza wenyewe wa zamani. Usishuke zaidi ya asilimia 10 kwa mara moja. Na breki ukumbuke: gari lenye namba ndogo halishikiliwi sana na injini wakati wa kuteremka, na breki za umri ule unazijua.

Ile jozi ya zamani usiitupe na usiiuze. Ioshe, ipake grisi, ifunge pamoja, umkabidhi mwenye gari pamoja na karatasi yenye tarehe. Krauni na pinio zilisuguliwa pamoja kiwandani, ukizitenganisha hazirudi kuwa jozi. Na kama kipimo cha mwendo kinaendeshwa kutoka kwenye giaboksi, kitaanza kudanganya kwa asilimia ileile uliyobadilisha difu. Kirekebishe siku hiyohiyo.

Kuijua iliyomo bila kuifungua: weka gia huru, funga kabari magurudumu ya mbele, inua tairi moja tu la nyuma na uweke stendi imara. Lile jingine libaki limekanyaga chini. Chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi lililoinuliwa mizunguko miwili kamili, polepole, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ni miwili kwa sababu difu inagawa mzunguko kati ya matairi, na la pili limesimama. Propela ikizunguka mara tatu na karibu robo tatu, una 3.7 na kitu. Ili upate namba sahihi zaidi zungusha tairi mara 20, kisha gawa hesabu ya propela kwa 10.

Kama propela imefunikwa ndani ya bomba la chuma, tumia gia ya moja kwa moja, toa plagi, na uzungushe injini kwa hendeli ya mbele huku ukihesabu mizunguko ya hendeli.

---

FundiMuscat

Allah akuzidishie mzee. Bomba lipo, kwa hiyo nitatumia hendeli. Kesho asubuhi nitaweka majibu hapa.